Oili ya Landrova ya Shule Ilikuwa Inakwenda Wapi?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano wa Mwaka wa Wanafunzi wa Zamani, katika bwalo la shule)



Katibu wetu aliniandikia barua akinitaka nizungumze kwa dakika 20 juu ya maendeleo ya sayansi na ufundi. Mada hiyo ni pana kuliko mimi. Nilimwomba ruhusa nizungumzie tone moja la oili, naye akakubali, maana yeye ndiye mweka kumbukumbu wa chama hiki na anajua tone hilo lilikuwa karibu kutunyang'anya vitu viwili: fedha za tangi la maji ya mvua, na jina jema la mtu.

Wote mnaifahamu Landrova yetu. Wengine mmepandishwa humo usiku mkitetemeka kwa malaria, wengine mmekaa nyuma juu ya magunia ya mahindi. Kwa faida ya vijana, niseme kwamba Landrova ya kwanza kabisa ilionyeshwa kwa watu mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Hii yetu ni ya toleo la pili A, lililoundwa kati ya mwaka 1961 na 1971. Injini yake ni ya petroli, silinda 4, ukubwa wa sentimita za ujazo 2,286, na tumbo lake linachukua oili kama lita 6. Ni injini ya watu wavumilivu. Haina mbio, lakini ukiitunza itakuzika.

Madereva wa zamani walikuwa na msemo wao kwamba Landrova isiyovuja oili basi imekwisha oili. Ni utani mzuri, lakini utani huo umewafanya watu wengi kuzoea ugonjwa. Mwaka juzi gari letu lilianza kunywa oili lita moja kwa kila kilomita 250 hivi. Likapelekwa gereji. Mafundi wakasema ni sili ya nyuma ya krenki. Sili hiyo huwezi kuifikia mpaka ushushe giaboksi, kwa hiyo gari likalala huko wiki mbili, sili mpya ikatiwa, gharama zikalipwa. Lilirudi Jumatatu. Kufika Ijumaa oili inadondoka tena palepale. Gereji ikaleta makadirio mapya, safari hii ya kushusha injini nzima na kuchonga krenki. Kiasi walichotaja kilikuwa karibu nusu ya zile fedha tulizochanga kwa ajili ya tangi.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Gari likiegeshwa usiku, asubuhi chini yake palionekana doa dogo la oili, si kubwa kuliko kifuniko cha chupa ya soda. Mtu mmoja wa hesabu akauliza swali ambalo kwa sura yake lilikuwa la haki: ikiwa doa lenyewe ni dogo hivi, lita hizi zote tunazotoa stoo zinakwenda wapi? Jibu lililomjia upesi lilikuwa kwamba zinauzwa njiani. Dereva wetu, aliyeitumikia shule hii miaka 31, akaandikiwa barua ya kutakiwa kujieleza. Alikuwa amebakiza miezi saba kustaafu. Mnajua, ndugu zangu, barua ya namna hiyo ikikaa ndani ya faili, kiinua mgongo nacho hukaa.

Bodi iliniita kwa sababu nimefanya kazi ya ufundi wa magari miaka 38, na nusu ya miaka hiyo nimeifundisha. Niliomba Jumamosi tatu, vijana wanne wa kidato cha tatu, na dereva mwenyewe. Wengine walishangaa kwa nini namtaka mtuhumiwa. Niliwaambia kwamba daktari hawezi kumtibu mtoto huku amemfukuza mama yake nje.

Jumamosi ya kwanza hatukushika spana hata moja. Nilianza kwa kuwauliza vijana: oili ikipungua ndani ya injini, inaweza kwenda wapi? Tukaandika ubaoni njia nne. Ya kwanza, inaungua ndani ya silinda pamoja na petroli. Ya pili, inaingia kwenye maji ya rejeta. Ya tatu, inavuja nje. Ya nne, inachukuliwa na mikono ya watu. Nikawaambia kwamba njia ya nne tutaifikia baada ya kuzimaliza tatu za mwanzo, kwa kuwa chuma hakiwezi kujitetea na wala hakisingizii mtu.

Oili inayoungua hutoa moshi wa rangi ya bluu na kuacha plagi zimelowa na kuwa nyeusi. Tuliliwasha gari, likachemka, tukalikanyaga mafuta. Moshi wa bluu haukuonekana. Plagi zote 4 zilikuwa kavu, zenye rangi ya kahawia kama inavyotakiwa. Tukafungua rejeta: maji safi, hayana utando wa mafuta. Tukatazama kijiti cha kupimia oili: hakuna ute mweupe. Njia mbili zikafutwa ubaoni.

Ikabaki ile ya kuvuja. Na hapa pana jambo ambalo mwenye gari lolote la zamani hana budi kulijua. Kabla ya kutafuta oili inatoka wapi, hakikisha kwanza ni oili ipi. Chini ya Landrova kuna ya injini, ya giaboksi, ya difu, ya breki na ya klachi. Ya giaboksi ni nzito na ina harufu kali ya kiberiti. Ya breki ni nyepesi na hula rangi ya gari. Ya injini iliyotumika ni nyeusi. Hili ni muhimu kwa sababu kati ya injini na giaboksi pana nyumba ya klachi, na chini yake pana tundu dogo. Tone likitoka katika tundu hilo, laweza kuwa limetoka mbele kwenye injini au nyuma kwenye giaboksi. Tulitandika boksi jeupe usiku kucha. Asubuhi lilikuwa na tone jeusi, jepesi, lisilo na harufu ya kiberiti. Ya injini.

Mwanafunzi mmoja akapendekeza tulizibe lile tundu. Wazo hilo limewapata watu wazima pia, na kiwanda chenyewe kilitoa kizibo chake. Lakini kizibo hicho ni cha kuvukia mito tu, ili maji yasiingie. Ukikiacha siku zote, oili itajaa ndani na kulowesha klachi, nayo itateleza. Utakuwa umelificha tone na kuliharibu gari.

Kisha tukalala chini ya gari, tukatazama nyuma. Propela shafti, difu ya nyuma, hata bawaba za mlango wa nyuma, vyote vilikuwa vimefunikwa na tope zito la vumbi na oili, unene wa kidole. Nikamwuliza kijana mmoja, "Gari likiwa limeegeshwa, upepo unatoka wapi wa kuirusha oili mpaka mlangoni?" Akafikiri, akasema, "Shikamoo mzee, hakuna upepo. Basi inatoka wakati gari linakwenda." Salamu ile ilikuja katikati ya jibu kwa sababu ya woga, lakini jibu lenyewe lilikuwa la mhandisi.

Tukarudi ubaoni tupige hesabu. Tuseme matone 25 ya oili ni mililita moja. Lita moja basi ni matone 25,000. Kwa barabara zetu, kilomita 250 ni safari ya saa sita na robo, ukichukua mwendo wa kilomita 40 kwa saa. Saa sita na robo ni sekunde 22,500. Kwa hiyo tone moja tu kwa sekunde, na kidogo zaidi, linatosha kumaliza lita nzima. Doa dogo la asubuhi halikuwa kipimo cha kitu chochote. Lilikuwa mabaki ya oili iliyobaki njiani ikishuka baada ya injini kuzimwa.

Jumamosi ya pili tuliliosha. Mafuta ya taa, brashi, kisha maji ya sabuni, na kulikausha juani. Petroli usiitumie kabisa kuoshea injini. Nimewahi kuona watu waliounguzwa nayo. Injini ilipokauka tukaipaka unga wa ngano mwembamba kwa brashi ya rangi. Wenye poda ya mtoto watumie poda. Unga mkavu ni mweupe, na oili ikiugusa inaacha njia nyeusi unayoweza kuifuata kama nyayo za mwizi. Kanuni ya kutafuta ni moja: anza juu na mbele. Oili hushuka kwa uzito wake, na feni pamoja na upepo wa safari huisukuma nyuma. Kwa hiyo mahali inapodondokea ni mwisho wa safari yake. Fundi anayeanzia hapo ameanza kusoma kitabu kwa ukurasa wa mwisho.

Tuliendesha kilomita 10, tukafungua boneti. Unga wa pembeni mwa kifuniko cha tapeti, upande wa nyuma, ulikuwa na mstari mweusi. Gasketi yake ya koki, ile inayofanana na vizibo vya chupa, ilikuwa imekazwa mno mpaka ikapasuka. Huo ulikuwa uvujaji wa kweli, lakini mdogo. Oili nyingi bado ilitoka mle ndani ya nyumba ya klachi, kupita kwenye sili ambayo ilikuwa mpya kabisa.

Sasa, sili mpya inavuja kwa nini? Hapo nilimgeukia dereva. Tangu barua ile alikuwa hasemi sana. Nilimwuliza, "Ndugu yangu, wewe unaishi na gari hili. Nini kimebadilika?" Akaniambia, "Kaka, mimi si fundi. Lakini siku hizi nikiifungua kofia ya oili gari likiwa la moto, linapiga fyuu, kama soda. Zamani halikuwa hivyo." Nikamwuliza kama amewahi kumwambia mtu. Akajibu kwamba gereji hawakumwuliza, na barua ilimtaka aeleze habari za oili, haikumtaka aeleze habari za sauti.

Aliingia ndani ya gari akatoa daftari lake. Ndugu Mwenyekiti, daftari lile ningependa liwekwe katika maktaba ya shule. Kila lita aliyoongeza imeandikwa, tarehe na kilomita. Kwa miaka mingi, lita moja ilikwenda zaidi ya kilomita 1,500. Kisha, katika wiki moja, hesabu ikaanguka mpaka 250. Tukatafuta katika faili za ofisi gari lilifanyiwa nini wiki hiyo. Kulikuwa na risiti ya huduma ya kawaida, na kati ya vitu vilivyolipiwa palikuwa na mstari huu: kofia ya oili, mpya, moja.

Niwaeleze vijana maana yake. Pistoni inapanda na kushuka ndani ya silinda, na ringi zake zinazuia moto wa petroli usipite. Lakini hakuna ringi inayozuia asilimia mia. Moshi kidogo hupenya kila mara na kuingia tumboni mwa injini, na injini ikizeeka hupenya zaidi. Moshi huo hauna budi upate pa kutokea. Kwa sababu hiyo injini yetu ilitengenezwa na pua mbili. Moja ipo juu ya kifuniko cha tapeti. Nyingine ni kofia yenyewe ya mrija wa kutilia oili, ambayo ndani yake ina wavu wa waya unaopitisha hewa na kuzuia vumbi. Nyavu hizo huoshwa kwa mafuta ya taa kila gari linapofanyiwa huduma.

Pua ya juu ya gari letu ilikuwa imeziba kwa masizi na vumbi, imekuwa kama lami. Na ile kofia mpya ilikuwa kofia nzuri, inang'aa, imekaa barabara, lakini ni ya injini nyingine. Haikuwa na tundu hata moja. Mtu aliyeiweka bila shaka aliona ile ya zamani inatoa ukungu wa oili na kuchafua injini, akadhani amelisaidia gari. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ni kweli. Ila lazima kwanza ujue kama huo ni ufa au ni dirisha. Injini yetu ikawa kama mtu anayepanda mlima Kitonga na gunia kichwani huku amezibwa pua na mdomo. Pumzi ikajaa tumboni, ikatafuta pa kutokea, ikapita kwenye sili ya nyuma na kuibeba oili pamoja nayo. Ungetia sili mpya kila mwezi, matokeo yangekuwa yale yale. Gari likizimwa, pumzi inakwisha na sili inashika. Ndiyo sababu ya doa dogo asubuhi.

Hata hivyo niliwakataza vijana kushangilia. Maelezo yanayopendeza si ushahidi. Jumamosi ya tatu tulifunga kopo la maziwa kwa waya chini ya lile tundu, tukaendesha gari kilomita 50 na kofia mpya ikiwa kichwani, pua ya juu tukiiacha vilevile. Kopo lilirudi na mililita 170 za oili. Kwa hesabu ya daftari tulitegemea 200, na zile nyingine tulizikuta zimetapakaa chini ya gari. Yaani oili yote ilionekana. Njia ya nne, ile ya mikono ya watu, tukaifuta ubaoni mbele ya mwalimu wa zamu.

Kisha tukabadilisha kitu kimoja tu. Nawasihi vijana mkumbuke: kitu kimoja tu kwa safari moja. Ukibadilisha vitatu na ugonjwa ukapona, hujui ni dawa ipi iliyoponya, na siku ukirudi utanunua zote tatu. Tulihitaji kofia ya zamani. Nilikuwa nimekwisha kufikiri nitaipata wapi, dereva akainua kiti, akafungua sanduku la spana, akaitoa imefungwa kwenye tambara. Siku ile ya huduma aliiomba gereji wasiitupe. Alisema, "Kitu cha gari la shule huwa sikitupi." Huyo, ndugu zangu, ndiye mtu aliyedhaniwa anauza oili.

Tuliiosha kofia kwa mafuta ya taa, tukalowesha wavu wake kwa oili safi kidogo, tukaivisha. Kilomita 50 zilezile, barabara ileile, mzigo uleule, dereva yuleyule. Kopo lilirudi na mililita 15, kijiko cha chakula kimoja. Baada ya hapo ndipo tulipozibua pua ya juu na kuweka gasketi mpya ya tapeti, tukiikaza kwa mkono mwepesi. Gasketi ile ndiyo kitu pekee tulichonunua, na bei yake haikufika ya soda za vijana wale wanne. Leo gari linakwenda kilomita 2,000 kwa lita moja. Bado linadondosha tone moja moja, kama mzee anavyokohoa asubuhi, na hilo tumelisamehe.

Nilipeleka kwa Bodi taarifa ya ukurasa mmoja, pamoja na nakala ya daftari na kopo lenyewe. Barua ya kujieleza ilifutwa kwa barua nyingine, na kiinua mgongo kililipwa kikamilifu. Yule ndugu wa hesabu, nimtendee haki, alikwenda mwenyewe nyumbani kwa dereva kumpelekea ile barua ya pili. Dereva wetu yupo hapa leo. Ameketi mstari wa nyuma karibu na mlango, maana anasema hajazoea kukaa mbele isipokuwa penye usukani. Namwomba asimame mumwone. (Makofi.)

Ndugu Mwenyekiti, nina mapendekezo matatu, nitayataja haraka. Kwanza, kila gari na kila mashine ya shule hii, tangu jenereta mpaka kinu cha kusaga, iwe na daftari kama lile, na gari lisikabidhiwe gereji bila daftari kusomwa. Pili, hakuna makadirio ya matengenezo makubwa yatakayolipwa na chama hiki kabla ya mtu kutueleza sababu ya ugonjwa, pamoja na kutaja mahali unapotokea. Kutaja kipuri peke yake hakutoshi. Tatu, wale vijana wanne wamekwisha kuwa kumi na wawili, na wanakutana kila Jumamosi chini ya mwembe na spana za kuazima. Wanahitaji sanduku moja la spana, jeki mbili imara na stendi nne za kuegemeza gari, maana sitaki kijana yeyote alale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Mimi nimekwisha kumkabidhi Mweka Hazina mchango wangu, na kitabu chake cha stakabadhi kiko wazi hapo mezani.

Fedha za tangi zipo salama. Msingi ulianza kuchimbwa mwezi uliopita nyuma ya jiko, na zege la kwanza lilisombwa na Landrova.